Alama ya Enok Kwenye Sikio

Mama mkubwa Abelone alivunjika nyonga mwezi wa Aprili, hatua chache tu kutoka mlango wa banda lake, ndoo ya maji mkononi na kondoo wake wote ndani wakiwa na mimba. Wiki hiyo ulikuwa umeshuka ule upepo wa vuguvugu kutoka kwenye barafu kuu ya bara isiyoyeyuka, ukayeyusha theluji ya uani, kisha baridi ikarudi na kuugandisha uwanja ukawa kama kioo. Alianguka ubavu, akajaribu kuinuka, akashindwa. Aliyemsikia ni Enok, ng'ambo ya kijito. Alikuja mbio akiwa na soksi tu miguuni, akamfunika kwa koti lake na kumshika kichwa mpaka helikopta ilipotua.

Nalisema hili mapema ili nisimwonee. Siku ile Enok alilia kama mtoto, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

Abelone alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama aliolewa mjini Narsaq akabaki huko. Abelone akabaki Kuussuaq, mwisho wa ghuba, penye nyumba saba na kikanisa kimoja, akafuga kondoo aliowaacha babu. Mumewe, Isak, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu wakiwa bado vijana, na hawakujaliwa watoto. Watu wa mjini walimwonea huruma kwa upweke, naye alikuwa akiwacheka. Alisema mtu mwenye Enok ng'ambo ya kijito hawezi kuwa mpweke hata akitaka.

Enok hakuwa damu yetu. Babu alimleta nyumbani akiwa na miaka minne, baba yake alipokwenda kuwinda sili asirudi, na mama yake akiwa amelazwa kwa kifua kikuu ambacho hakikumwacha. Abelone alikuwa na miaka kumi. Alimbeba mgongoni, akamlaza kitandani kwake, akampiga ngumi mtoto mmoja shuleni aliyemwita Enok wa kuokotwa. Baadaye ndiye aliyemfundisha kazi: namna ya kuingiza mkono taratibu mwanakondoo anapokwama akizaliwa, namna ya kumchuna ngozi aliyekufa na kumvika yatima ili mama aliyefiwa amkubali. Enok alipopata kondoo wake wa kwanza, Abelone ndiye aliyemchagulia alama: ncha ya sikio la kulia ikatwe, na chini yake pengo dogo. Yeye mwenyewe aliendelea na alama ya babu, sikio la kushoto kupasuliwa katikati. Babu alipofariki, hawakuita mtu wa kupima. Upande huu wa kijito ukawa wa dada, upande ule wa mdogo wake.

Basi Abelone alipopelekwa mji mkuu, Nuuk, kufanyiwa upasuaji, hakuna aliyeuliza nani atazalisha kondoo wake. Enok alimwambia pale pale kwenye machela, "Nenda upone, dada. Banda lako ni langu."

Mama mkubwa aliyarudia maneno hayo kwa kila muuguzi aliyemjia.

Alikaa Nuuk mpaka Julai. Mfupa ulichelewa kuunga, wakamfungua tena. Mimi nilikuwa nasoma huko, kwa hiyo nilikuwa naye karibu kila siku, na simu za Enok nilizisikia kwa masikio yangu. Mwanzoni zilikuwa nzuri. Kisha katikati ya Mei akapiga na sauti yake ikawa ya kunong'ona. Alisema wanakondoo wamepatwa na kuhara, wanakufa mmoja baada ya mwingine bandani. Mwanzoni mwa Juni akapiga tena. Alikuwa ameshawatoa kondoo nje, theluji ikaanguka, na kunguru wakamaliza waliobaki dhaifu. Kwake je? Kwake, alisema, Mungu alisaidia kidogo.

Abelone aligeukia ukutani. Nilidhani analilia wanakondoo. Lakini aliposhika tena simu, yeye ndiye aliyembembeleza mwenzake.

"Usijilaumu, mdogo wangu," alimwambia. "Hata mimi ningekuwepo wangekufa. Umekula leo?"

Alikuwa amelala kitandani na vyuma mguuni, na anamuuliza Enok kama amekula. Majuma yaliyobaki hospitalini aliyatumia kumfumia sweta. Alinituma nitafute sufu ya rangi ya kijivu, nikaleta ya dukani, akaikunjia uso, lakini akafuma hivyo hivyo.

Tulirudi Kuussuaq pamoja, yeye na mkongojo wake, mimi kumsaidia kukata nyasi. Huku kwetu kondoo hukaa ndani kuanzia vuli mpaka Mei iishe, na kila tonge wanalokula ni lazima liwe limekatwa, limekaushwa na kuingizwa ghalani katika majuma machache jua linapokubali. Trekta la kukatia lilikuwa moja kwa nyumba zote saba, na lilikuwa la Enok. Alianza na shamba la dada yake kabla ya lake. Alinivutia mashine ya kugeuzia nyasi, akarekebisha bomba la maji, akapalilia hata vile viazi na tanipu vya mama mkubwa nyuma ya nyumba ambavyo alikuwa amevipanda mwenyewe wakati dada hayupo. Ukimwangalia, ungesema hakuna ndugu kama huyu duniani.

Jumapili ya pili Abelone aliwaalika watu wote kahawa, kumshukuru Enok. Alioka keki mbili akiwa ameketi kwenye kiti, mimi nikiingiza na kutoa kwenye jiko. Walikuja wote: mzee Amos, mkuu wa umoja wetu wa wafugaji, pamoja na mkewe, wale ndugu wawili wa nyumba ya juu, Tabitha, mke wa Enok, na wengine. Mama mkubwa alisimama, mkono mmoja juu ya mkongojo, akasema kwamba mwaka huu amepoteza wanakondoo lakini amejua ana ndugu. Kisha akamvisha Enok sweta mbele ya watu. Lilimbana kidogo kifuani.

Mzee Amos aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama. Ndugu wa nyumba ya juu walikumbuka kwamba boti yao haijafungwa vizuri, wakaondoka. Tabitha hakugusa keki. Nilidhani ni haya ya watu wasiozoea hotuba. Abelone hakudhani chochote. Alikuwa na furaha, akamwambia Tabitha ale, amekonda.

Septemba ilipofika tulipanda milimani kuwashusha kondoo. Mama mkubwa hakuweza kupanda. Nilikwenda kwa niaba yake, pamoja na mbwa wake, siku tatu kwenye mawe na vichaka vifupi vilivyokuwa vimegeuka vyekundu. Huko juu niliwaona majike wengi wenye sikio la kushoto lililopasuliwa, kila mmoja na wanakondoo wawili ubavuni. Sikutilia maanani. Kwenye kundi lenye haraka, nani anatambua nani ni mtoto wa nani? Nilifurahi tu kwamba wamenona.

Chini, zizi la kutenganishia ni duara la mawe na mbao, lenye vyumba pembeni, kila nyumba na chumba chake. Kondoo wote huingizwa katikati. Watu humkamata mmoja mmoja kwa pembe, humsoma sikio, na kumsukuma kwa mwenyewe. Abelone alikuwa ameketi juu ya sanduku la samaki lililopinduliwa karibu na chumba chake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akiwahesabia watu makosa yao kama kila mwaka. Alimtania mmoja wa ndugu wa nyumba ya juu kwamba anamshika kondoo kama anayecheza naye muziki.

Kazi iliendelea mpaka katikati ya zizi pakaanza kuwa patupu, na hapo kelele zikaongezeka badala ya kupungua. Majike wa Abelone walikuwa wamejipanga kwenye ubao wa mashariki, wakilia. Upande wa pili, kwenye chumba cha Enok, wanakondoo walikuwa wakilia vile vile, wakikanyagana wafike kwenye ubao wao. Wakilia hawa, wanaitika wale.

Mama mkubwa aliacha utani. Alisikiliza, kichwa kimeinama. Kisha akasimama kwa mkongojo, akaingia katikati ya kondoo wake, akainama kwa shida na kumshika jike mmoja kiwele. Akamwacha, akashika mwingine, na mwingine. Viwele vilikuwa vimejaa, na chuchu zimechubuka kwa kunyonywa. Jike aliyefiwa mwezi wa Mei huwa amekauka zamani.

"Enok," aliita. Hakupaza sauti. "Njoo hapa, mdogo wangu."

Enok alikuja. Alikuwa amevaa lile sweta.

"Hawa wananyonyesha watoto gani?"

Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa ameyaweka maneno tayari mdomoni. Alisema ni wanakondoo wake yeye. Wa dada walipokufa, aliona majike wanateseka na maziwa, akawapa wa kwake wawalee, kwa ngozi, vile dada mwenyewe alivyomfundisha. Alikuwa amekusudia kumwambia.

Nilimwona mama mkubwa akishusha pumzi. Alitaka kuamini. Uso wake ulilegea na alikuwa karibu kutabasamu, na nadhani kama angekuwa mtu asiyejua kondoo mambo yangeishia hapo. Lakini macho yake yalikuwa yamehamia chumba cha Enok, kwa majike wa Enok.

"Wako wana mapacha," alisema. "Yule ana wawili. Yule pale wawili. Yule mwenye pembe iliyovunjika, wawili. Hawa ulionipa mimi ni wa mama yupi?"

Enok alisema baadhi walizaa watatu.

"Wote, Enok? Majike wako wote walizaa watatu mwaka mmoja?"

Mtu aliyekuwa ameshika kondoo kwa pembe alimwachia. Tabitha, aliyekuwa amesimama kwenye lango, alisema kwa sauti ya kuchoka, "Mwambie, baba watoto. Mimi nimechoka kuibeba hii."

Enok aliangalia chini. Aliposema, ilibidi tuliosimama karibu tujisogeze ili tusikie.

"Nilidhani hutarudi, dada."

"Nani alikwambia sitarudi?"

"Hakuna. Lakini nyonga, kwa umri wako. Nilijua watakuweka mjini, kwenye ghorofa, karibu na hospitali. Nikaona wanakondoo wenye alama yako watagawanywa na umoja, waende kwa hawa na hawa. Nikasema bora wabaki nyumbani."

"Nyumbani," alirudia Abelone. "Kwa hiyo hawakuhara."

"Wachache walihara."

"Na theluji?"

"Ilianguka kidogo. Ikayeyuka siku ile ile."

"Nilikuuliza kama umekula," alisema mama mkubwa. Sijui kama Enok alielewa. Mimi nilielewa.

Kisha akageuka, pole pole kwa sababu ya mguu, akawatazama wengine waliosimama kuzunguka zizi. Nilidhani atalia. Aliuliza tu, kama anayeuliza hali ya hewa, kama walijua.

Mzee Amos alivua kofia. Alisema alikwenda bandani mwezi wa Mei kutoa mkono, akamkuta Enok na kisu akikata masikio ya kulia ya watoto wa majike wenye alama ya kushoto. Aliona si neno la kuingilia. Alidhani wamekubaliana wenyewe, ndugu kwa ndugu.

"Na nilipowaita kahawa? Ulidhani bado tumekubaliana?"

Aliyejibu ni mmoja wa wale ndugu wa nyumba ya juu, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka. "Nyasi zetu zote zinakatwa na trekta lake, Abelone. Tungesema, halafu Agosti tukate kwa meno?"

Jambo lile lilimkata kuliko maneno ya Enok, aliniambia baadaye. Enok alikuwa amemwibia mtu mmoja. Hawa walikuwa wamekula keki yake.

Mzee Amos, ili ajiondolee aibu, aliamuru malango yote mawili yafunguliwe. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Majike na wanakondoo walikimbiliana katikati ya zizi, vikatokea vurugu na vumbi, na baada ya muda mfupi kukawa na utulivu, kila mama amesimama, watoto wamepiga magoti chini yake wakinyonya, mikia ikitikisika. Karibu nusu ya chumba cha Enok ilikuwa imehamia kwa dada yake. Amos alichukua rangi ya buluu na kuanza kuwapaka migongoni ili wahesabiwe kuwa wa Abelone. Enok alimpokea brashi, akapaka mwenyewe, mmoja mmoja, huku machozi yakimtoka. Mama mkubwa hakubaki kuangalia. Aliniomba mkono, tukaenda nyumbani.

Jioni hiyo sweta lilikuwa limewekwa mlangoni petu, limekunjwa vizuri. Abelone alilipeleka bandani, akaliweka chini ya jike mgonjwa.

Boti ilikuja, madume wadogo wakapelekwa machinjioni Narsaq. Majike wadogo alibaki nao, kwa maana bila wao kundi lingezeeka. Hapo kulikuwa na tatizo ambalo rangi haikuweza kulimaliza. Rangi huoshwa na mvua, lakini sikio likishakatwa limekatwa. Mzee Amos alishauri wapasuliwe na la kushoto pia, wawe na alama mbili. Abelone alikataa kuwaumiza mara ya pili kwa kosa lisilo lao. Majira yote ya baridi aliwalisha hivyo hivyo. Kila alipojaza hori, vichwa viliinuka mbele yake vikiwa na ncha ya kulia iliyokatwa na pengo dogo chini yake.

Nilikatisha masomo nikakaa naye mwaka ule. Watu walianza kuleta vitu. Mke wa Amos alileta samaki wakavu, ndugu wa nyumba ya juu walileta nyama ya sili. Alivipokea, akashukuru kwa adabu, na hakumkaribisha mtu ndani. Kanisani alihamia benchi la nyuma kabisa, ili asiwe na mtu wa kumtazama kisogoni.

Enok alikuja mwezi wa Februari. Bomba la bandani lilikuwa limeganda na tulikuwa tukiyeyusha theluji kwenye sufuria tangu asubuhi. Alisimama mlangoni na taa yake ya gesi ya kuyeyushia mabomba, theluji mabegani, hakuvuka kizingiti.

"Niruhusu nifanye hili tu, dada. Halafu niende."

Abelone aliitazama ile taa. "Fanya," alisema. "Kondoo wana kiu."

Alifanya kazi akiwa amepiga magoti, na mama mkubwa aliendelea kugawa nyasi kama hakuna mtu. Maji yalipotoka Enok alisimama akipangusa mikono kwenye suruali, akasema kwamba haombi kusamehewa, anaomba tu kujua afanye nini.

"Usiniite dada," alijibu. "Hilo tu. Mengine fanya upendavyo."

Alipokwisha kuondoka, tukasikia hatua zake zikivunja theluji mpaka kijitoni, mama mkubwa aliketi juu ya mzigo wa nyasi. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kule Nuuk, kabla hawajamfungua mara ya pili, alikuwa amefikia uamuzi wa kumpa Enok shamba. Lote, na banda, na kondoo. Alikuwa akisubiri kahawa ile ya Julai amtangazie mbele ya watu, akaona aingoje Septemba, ili wapeane mkono zizini kama walivyopeana babu na baba yake.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie sasa. Nilikuwa na hasira, nilitaka Enok ajue alichokitupa.

"Akijua atalia," alisema. "Na akilia itabidi nimbembeleze. Nimembembeleza tangu ana miaka minne, Nivi. Sina tena."

Alivumilia majira mawili zaidi ya kuzalisha, mguu ukiwa mbaya zaidi kila mwaka. Trekta la Enok liliendelea kuja kukata nyasi zake, kwake kwanza kabla ya wote, na aliliacha likate, akiwa amekaa ndani mpaka limalize. Kisha akawapa shamba vijana wawili waliooana kutoka kusini, watu wasiojua hata kijito kinaitwaje. Siku wanakabidhiwa, Enok alisimama ng'ambo, mikono mfukoni, akiwatazama wageni wakipima uzio wa babu kwa kamba.

Mama mkubwa sasa anaishi Narsaq, kwenye ghorofa, orofa ya pili, karibu na hospitali. Anapanda viazi kwenye ndoo barazani na anagombana na jirani kuhusu jua. Septemba boti zinapoleta kondoo gatini, hufunga madirisha ya upande ule na kuwasha redio.

Mimi hushuka gatini, kwa sababu siku hizi nafanya kazi huko. Enok huwa anakuja na wake. Amezeeka haraka. Akishamaliza kuwateremsha hunijia, hunipa mkono, na kila mwaka huuliza, "Abelone hajambo?" Hulitaja jina lake kwa uangalifu, kama neno la lugha ngeni.

Humwambia hajambo. Anatikisa kichwa, anarudi kwenye boti.